Siku Sita kwa Baki: Kutoka Eisenach Hadi Leipzig

Alhamisi, 20 Machi 2025. Njiani

Nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nikaoga, nikafunga begi, saa tano niko stesheni ya Frankfurt. Tiketi yangu ni ile ya mwezi mzima ya euro 58, inayokupandisha treni zote za mikoa isipokuwa zile za kasi. Kwa hiyo unashuka Fulda, unapanda nyingine, unashuka Bebra, unapanda nyingine. Bebra nilikaa kwenye benchi nikasema nifumbe macho dakika mbili tu. Treni ikaja, ikaondoka, mimi nakoroma. Saa nzima ya baridi, na chai ya chupani imeisha.

Nieleze kilichonitoa nyumbani. Kwa kazi mimi ni muuguzi, lakini kinanda nimekianza kabla sijajua kupima presha. Nilikuwa na miaka 12, usharikani kwetu mlimani Kilimanjaro, kwenye kinanda cha kukanyaga ambacho panya walikuwa wamekula ngozi ya mvukuto wa kulia, basi mguu wa kushoto ukafanya kazi ya miguu miwili. Mwalimu wangu wa kwaya, sasa ana miaka 78, ameandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya kitabu chake cha nyimbo orodha ya wapiga kinanda wa zamani: lini kazaliwa, lini kafa. Tarehe ikifika, Jumapili ya karibu lazima kipigwe kitu cha huyo mtu, hata kama ni mistari minane. Johann Sebastian Bach, mtunzi na mpiga kinanda wa Kijerumani, yeye humwita Baki, na sisi wote tumerithi.

Katika orodha hiyo Machi imejaa kuliko miezi yote. Tarehe 9 Pachelbel kuzikwa, 19 Reger kuzaliwa, 21 Baki kuzaliwa, 23 Walther kufa, 24 Scheidt kufa. Isipokuwa Reger, ambaye ni mtu wa Bavaria, wengine wote unaweza kuwafuata kwa reli moja, kutoka Eisenach mpaka Leipzig. Nilipomwambia Mwalimu kwamba nimepata likizo ya siku sita na nakwenda, alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha:

"Nenda, mwanangu. Ila niulizie jambo moja. Hao watu walikuwa wanalipwa?"

Ijumaa, 21 Machi. Eisenach

Baki leo ametimiza miaka 340. Au atatimiza siku kumi zijazo, inategemea unahesabu kwa kalenda ipi. Mwaka 1685 Waprotestanti wa huku walikuwa bado kwenye kalenda ya Julius, na walihamia ile tunayoitumia sasa mwaka 1700, wakaruka kutoka 18 Februari kwenda 1 Machi. Kwa kalenda yetu mtoto alizaliwa tarehe 31. Hili sijamwambia Mwalimu, maana ana uwezo wa kufuta orodha nzima na kuianza upya.

Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Bachhaus, ile nyumba ya manjano iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1907, ilinunuliwa kwa kuaminika kwamba ndimo alimozaliwa. Baadaye ikajulikana simo. Haijanipunguzia raha hata chembe, kwa sababu ndani mna chumba cha ala za zamani, na mtu wa makumbusho huzipiga mbele ya wageni. Alipofika kwenye kinanda kidogo cha mabomba akauliza nani atapuliza upepo. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Mtu ambaye hajawahi kupuliza mvukuto hudhani ni kazi ya nguvu. Ni kazi ya masikio. Ukiuachia mvukuto ushuke mpaka chini ndipo uuinue, sauti inalegea kama mtu anayeishiwa pumzi katikati ya neno, na mpigaji anakugeukia kwa jicho. Unatakiwa kuuwahi ukiwa bado na theluthi, polepole, bila kishindo. Mguu wangu wa kushoto ulikumbuka kila kitu. Mpigaji alipomaliza alinipa mkono, akaniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia kwa panya. Hakuelewa, na Kijerumani changu hakikutosha kumwelewesha.

Mchana nilikwenda Georgenkirche. Tuna hakika zaidi na mahali hapa, maana vitabu vya kanisa vya enzi hizo viliandika ubatizo: 23 Machi 1685, na kisima cha ubatizo cha jiwe bado kipo. Mpiga kinanda wa kanisa hili siku hiyo alikuwa Johann Christoph Bach, binamu wa baba yake mtoto, aliyeshika kazi kuanzia 1665 hadi kufa kwake 1703. Ukoo wenyewe ulimhesabu kuwa mtunzi mzito kuliko wote waliomtangulia Sebastian. Na maisha yake yote aligombana na halmashauri ya mji juu ya mshahara na nyumba ya kuishi.

Nikamtumia Mwalimu sauti: "Shikamoo Mwalimu. Wa kwanza alilipwa, lakini kwa kugombana." Akajibu kwa kicheko cha sekunde kumi na moja na neno "Marahaba" mwishoni.

Jumamosi, 22 Machi. Arnstadt

Kutoka Eisenach unashuka Neudietendorf, kituo cha katikati ya mashamba, unabadilisha treni. Safari hii sikufumba macho.

Arnstadt ndipo nilipotaka kufika kuliko kote. Sokoni kuna sanamu ya Baki iliyowekwa 1985, kijana ameketi, amejiegemeza nyuma, miguu ameitupa mbele, kifua wazi. Wengine wanaiona haina heshima. Mimi naona ndiyo sanamu ya pekee inayokumbuka kwamba alipoajiriwa hapa, Agosti 1703, alikuwa na miaka 18.

Jibu la Mwalimu nimelipata hapa likiwa na hesabu kamili. Guldeni 50 na taleri 30 kwa mwaka (sarafu za enzi hizo), fedha nzuri kwa kijana. Lakini angalia zilikotoka. Kanisa lile, wakati huo likiitwa Kanisa Jipya, halikuwa na mfuko wa kutosha. Basi guldeni 25 zilitolewa kwenye ushuru wa bia, 25 kwenye sanduku la kanisa, na zile taleri 30 za chakula na malazi zikatoka hospitalini. Nilisoma mara ya pili nihakikishe. Hospitali ya mji ilimlisha Baki. Mimi ambaye miaka yote hii hospitali ndiyo inanilisha ili Jumapili nikapige kinanda bure, nilijisikia nimekutana na ndugu.

Kinanda chenyewe kilikuwa kipya kabisa, cha fundi Johann Friedrich Wender, na ni Baki aliyeitwa kukikagua kabla hajaajiriwa. Kiko juu sana, kwenye roshani ya tatu, karibu na dari. Kimekarabatiwa na kurudishwa katika hali ya 1703, kazi iliyokamilika 1999. Sehemu ya kupigia ya zamani, yenyewe yenyewe, haiko kanisani tena, iko makumbusho ya mji: kibodi mbili, moja juu ya nyingine, mbao zimekuwa nyeusi kwa umri. Nilisimama pale muda mrefu kiasi kwamba mlinzi alikuja mara mbili kuangalia kama niko salama. Nilikuwa napima kwa macho umbali wa kidole gumba na kidole kidogo. Ni kibodi ya kawaida. Sijui nilitegemea nini.

Halafu mashtaka. Hapa nilicheka peke yangu, maana kila kosa aliloshtakiwa Baki nimeliona likishtakiwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Agosti 1705 alimwita mwanafunzi mmoja, Geyersbach, mpiga fagoti (ala ndefu ya kupuliza) wa hovyo, kwa neno ambalo wasomi bado wanabishana jinsi ya kulifasiri kwa adabu. Geyersbach akamvizia sokoni usiku na fimbo, Baki akachomoa upanga, watu wakawaamulia. Miezi michache baadaye akaomba ruhusa ya wiki nne kwenda Lübeck kumsikiliza Buxtehude, mpiga kinanda wa Marienkirche, mzee wa karibu miaka 70. Kilomita kama 400, kwa miguu. Akarudi baada ya takriban miezi minne.

Tarehe 21 Februari 1706 wakamweka kiti moto. Kwanza, wiki nne zimekuwaje miezi minne? Akajibu kwamba alimwacha mtu wa kushika nafasi na kazi haikulala. Pili, tangu arudi anaingiza mapambo ya ajabu katika nyimbo na sauti ngeni nyingi, waumini wanachanganyikiwa. Tatu, alikuwa akipiga muda mrefu mno, na alipoambiwa apunguze akapiga mfupi mno. Kila mpiga kinanda anaijua hii ya tatu. Mchungaji anakunyooshea kidole kwamba umerefusha, Jumapili inayofuata unampa mistari miwili na "amina". Si utii. Ni jibu.

Na bado Novemba walimrudia, safari hii kuuliza ni msichana gani mgeni aliyemwalika roshani ya kinanda na kumruhusu kuimba. Jina lake hawakuliandika. Mwaka uliofuata Baki alimwoa Maria Barbara, binamu yake, huko Dornheim, kijiji cha jirani. Watu wameunganisha mambo hayo mawili kwa karne tatu sasa, na mimi sina sababu ya kuwakataza.

Usiku nimelala Erfurt, chumba cha bei rahisi, ukuta mwembamba, jirani anaangalia mpira.

Jumapili, 23 Machi. Erfurt, jioni Weimar

Ibada Predigerkirche. Ni kanisa refu, jeupe, lisilo na mbwembwe, na kinanda kiko juu nyuma katika sanduku la mbao la 1648, kazi ya Ludwig Compenius. Mabomba ya ndani ni ya 1977, lakini sanduku ni lile lile alilolitazama Johann Pachelbel kwa miaka kumi na miwili, kuanzia 1678 hadi 1690.

Watu wengi wanamjua Pachelbel kwa kipande kimoja cha harusi. Mwalimu anamheshimu kwa sababu nyingine: nyimbo zake za kanisa zinapigika na mtu wa vidole vya kawaida. Mimi kuanzia leo nitamheshimu kwa mkataba wake. Aliajiriwa Juni 1678 kwa masharti, na sharti moja ni hili: kila mwaka tarehe 24 Juni, sikukuu ya Yohana Mbatizaji, baada ya ibada ya mchana, apige kinanda nusu saa nzima, atumie sauti zote zilizomo, ili waumini wasikie ameendelea kiasi gani tangu mwaka uliopita. Yaani kumbukumbu ya kuajiriwa kwake ilikuwa mtihani. Kila mwaka. Mara kumi na mbili.

Ibada ikiendelea, nilikuwa nafikiria ule wa 1684. Mwaka 1683 tauni ilipita Erfurt ikamchukua mke wake Barbara na mtoto wao wa pekee. Walikuwa wameoana Oktoba 1681, ndoa ya miaka miwili hivi. Mwaka huo huo wa 1683 alichapisha mfululizo wa nyimbo za kifo zilizopambwa kwa kinanda. Na Juni ikafika, na sharti ni sharti, akapanda zile ngazi kuonyesha maendeleo. Nimefanya kazi wodini wakati wa korona. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Alikuwa rafiki wa ukoo wa Bach. Alimfundisha kaka mkubwa wa Sebastian, yule aliyemlea Sebastian huko Ohrdruf baada ya wazazi kufa, kwa hiyo mkono wa Pachelbel umefika Leipzig bila yeye mwenyewe kwenda. Na roshani hii ya Erfurt baadaye ikakaliwa na Kittel, mmoja wa wanafunzi wa mwisho wa Baki, mpaka 1809. Kipaji kilitoka, kikarudi.

Tarehe yake ya kufa haimo kwenye orodha ya Mwalimu, ndiyo maana ameandika "kuzikwa": 9 Machi 1706, Nuremberg. Vitabu vya kanisa viliandika kubatizwa na kuzikwa, mengine waliachiwa wenyewe.

Weimar ni robo saa kwa treni. Nilifika jua linazama. Hapa nilikuja kwa ajili ya Johann Gottfried Walther, aliyefariki siku kama ya leo mwaka 1748, baada ya kukaa kwenye kinanda cha kanisa la mji tangu 1707. Alikuwa ndugu wa Baki upande wa mama, na kwa miaka tisa hivi walikuwa wote mji mmoja: Baki kwa mtawala kasrini, Walther kwa wananchi. Mwaka 1732 Walther alichapisha kamusi ya muziki, na ndani yake, Baki akiwa bado hai, ameandika kwamba amezaliwa Eisenach tarehe 21 Machi 1685. Mwishoni mwa maisha alikuwa anauza vitabu na nakala zake ili apate riziki. Mwalimu, umeuliza, ndiyo hivyo.

Kanisa la kasri alimopiga Baki liliungua 1774. Kilichobaki ni sehemu ya lango na mnara, karibu na mahali alipofungwa kuanzia 6 Novemba hadi 2 Desemba 1717, kosa lake likiwa kung'ang'ania mno aruhusiwe kuacha kazi. Siku 26. Nilipiga picha moja gizani, imetoka nyeusi tupu.

Jumatatu, 24 Machi. Halle

Siku fupi. Jumatatu makumbusho mengi Ujerumani hayafungui, nami miguu inauma.

Samuel Scheidt alizaliwa hapa 1587 na kufa hapa 24 Machi 1654. Katikati ya tarehe hizo imo vita ya miaka thelathini, mshahara wa kasrini uliokatika, na mwaka 1636 tauni iliyozika watoto wake wanne. Yeye ndiye aliyechapisha mwaka 1624 muziki wa kinanda ambao kila sauti ina mistari yake mitano, badala ya herufi walizozizoea wenzake. Ukifungua unasoma kama unavyosoma leo. Niliketi Marktkirche nikapiga kimoyomoyo wimbo wake mmoja tulioufanya 2009, mistari minane, kama ilivyo sheria.

Juu ya madhabahu kuna kinanda kidogo cha 1664 ambacho Händel, mtunzi mwingine mkubwa, alijifunzia utotoni kwa mwalimu wake Zachow. Baki naye alifika hapa 1716 pamoja na wenzake wawili kukagua kinanda kikubwa kipya, na karamu waliyoandaliwa baada ya ukaguzi imeandikwa chakula kwa chakula: nyama ya ng'ombe, samaki, paja la nguruwe la moshi, njegere, viazi, mchicha na soseji, kondoo wa kuchoma, boga, vitumbua vya kukaanga, ndama, na kadhalika mpaka cheri za sukari. Niliisoma nikiwa nakula karanga za pakiti kwenye ngazi za kanisa.

Jumanne, 25 Machi. Leipzig

Leo hii, miaka 300 kamili iliyopita, Leipzig ilisikia kwa mara ya kwanza kantata ya Baki ya nyota ya asubuhi (kantata ni utungo wa ibada wa waimbaji na ala), ile inayoitwa namba moja. Si ya kwanza kuitunga, mbali sana. Ni kwamba chama kilichoanzishwa 1850 kuchapisha kazi zake zote kiliiweka mwanzo wa juzuu ya kwanza, na namba ikaganda. Kwa kawaida Kwaresima haikuwa na kantata Leipzig, lakini 25 Machi ni siku ya malaika kumletea Mariamu habari, kwa hiyo iliruhusiwa, na mwaka ule iliangukia Jumapili ya Mitende. Tuni ni ya Philipp Nicolai, ya 1599. Ndiyo tuni ya kwanza Mwalimu aliyonifundisha kwa mikono miwili. Ilifika mlimani kwetu kutokea mji huu huu: wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro 1893.

Nilisikiliza kwa simu, nimeketi kwenye benchi la Thomaskirche, sikio moja tu, jingine nimeliacha kwa ajili ya kanisa. Pembe mbili zinaanza kwa furaha ya mashambani, kisha sopurano wanashika tuni yenyewe polepole juu ya mbio za wengine. Mbele yangu bamba la shaba la kaburi la Baki, maua ya siku ya kuzaliwa yameanza kunyauka.

Kaburi lenyewe lina safari yake. Alikufa 28 Julai 1750, akazikwa makaburi ya Johannis bila alama. Masimulizi yalisema ni hatua sita kutoka mlango wa kusini, jeneza la mwaloni. Mwaka 1894 wakachimba, wakapata mifupa ya mzee, daktari wa maungo Wilhelm His akaipima akaridhika. Ikawekwa ndani ya Johanniskirche, kanisa likapigwa mabomu vita vya pili, mwaka 1950 ikaletwa hapa. Uthibitisho kamili haupo. Nyumba si yenyewe, tarehe inabishaniwa, mifupa labda. Lakini mashtaka ya Arnstadt yana sahihi na tarehe, hayabishaniwi na mtu.

Kama muuguzi nina neno juu ya kifo hicho. Mwishoni mwa Machi 1750, majuma haya haya, alifika Leipzig tabibu wa macho kutoka Uingereza, John Taylor, akamchoma jicho kwa ajili ya mtoto wa jicho, kisha akarudia siku chache baadaye. Hakuna ganzi, vyombo havikuchemshwa. Alipoteza kuona na nguvu hazikurudi. Taylor huyo huyo baadaye alimgusa na Händel. Mimi sindano moja isiyofunguliwa vizuri naitupa.

Nje, upande wa kusini, sanamu kubwa ya 1908, Baki amesimama na kinanda nyuma yake. Mfuko mmoja wa koti umegeuzwa nje. Watu wa hapa wanasema ni kuonyesha hana hata senti. Ana barua ya kuthibitisha: Oktoba 1730 alimwandikia rafiki yake Erdmann kwamba kazi yake ya hapa Leipzig inampa kama taleri 700, lakini sehemu inategemea ada za mazishi, na mwaka uliopita hewa ilikuwa nzuri, watu hawakufa vya kutosha, amepoteza zaidi ya taleri 100.

Nilimpigia Mwalimu kwa video, nikamwonyesha mfuko, nikamweleza barua. Alicheka mpaka mkewe akaja kuchungulia. Mzee huyu amepiga kinanda mazishini miaka hamsini kwa bahasha ambazo nyingine zilikuwa tupu.

"Na yule wa Erfurt," akasema alipotulia, "yule wa nusu saa. Nirudie."

Nikarudia: 24 Juni, sauti zote, waone ameendelea kiasi gani.

"Basi tarehe 24 Juni utanipigia. Weka simu juu ya kinanda. Nusu saa, nami nitashika saa mkononi."

"Sawa, Mwalimu."

Nimeangalia ratiba nikiwa kwenye treni ya kurudi, kabla ya Naumburg. Ni Jumanne, na nimepangiwa zamu ya usiku.